Mtandao wa Uani

Bosi alitaka kifaa cha mtandao kifungwe juu kabisa, chini ya paa la hospitali, wezi wasikifikie. Fundi alikuwa anakaza nati ya mwisho mama mmoja alipomwita kutoka uani, simu mkononi.

"Fundi, huku chini picha inaganda. Binti yetu yuko mbali, anataka kumwona baba yake."

Mumewe alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, blanketi hadi kidevuni.

Fundi hakubishana. Alikishusha kifaa hadi juu kidogo ya dirisha, akakiinamisha kuwaelekea.

Picha ikatulia. "Baba, unaniona?"

Mkono wa mzee uliteleza kutoka kwenye blanketi, ukaning'inia.

Mama aliutazama. Kisha akaifunika kamera kwa kiganja.

"Subiri kidogo, mwanangu," alisema taratibu. "Mtandao unasumbua."