Kuvumwani kwenye Paa la Pimbi

Pimbi aliogopa sana kusemwa. Aliposikia kwamba mama mkwe wake angefika Ijumaa, alitazama paa lake la nyasi, akaona kuvumwani, vile vimea laini vya mahali penye unyevu, imelitanda lote kama zulia la kijani, na presha ikampanda.

"Atasema amemwoza binti yake kwa mvivu!"

"Baba Tunu, paa halivuji," mkewe alisema. "Liache."

"Halivuji, lakini linaonekana!"

Akamwita Kanga, ambaye hakuna kitu asichokichakura. "Kwangua polepole," Pimbi alimsihi, huku akiizunguka nyumba na kutazama mawingu. Lakini Kanga hajui polepole. Alichakura kuvumwani, akachakura na nyasi kuukuu zilizokuwa chini yake, ambazo kwa miaka mingi zilishikiliwa na kuvumwani hiyo tu. Kufika Ijumaa paa lilikuwa safi, na ukilala kitandani unaona mbingu.

Mama mkwe alifika pamoja na mvua. Aliketi sebuleni, maji yakimchuruzika puani.

"Shikamoo, mama," Pimbi alisema. "Utusamehe. Nililisafisha kwa ajili yako."

"Marahaba, baba." Mama mkwe alitazama juu, kisha akatoa kikapu kitupu alichokibana kwapani. "Kwangu kunavuja. Kila siku nililiona paa lako kutoka kule mlimani, nikawa nawaambia majirani, mkwe wangu ndiye anayejua nyumba. Leo nilikuja kukuomba kuvumwani kidogo, nikapande kwangu."