Begi la Kuwindia

Siku nyati alipomuua Kasanda, wawindaji wenzake walirudi na begi lake limejaa nyama. Mwili waliufuata kesho yake, kwa sababu nyama, walisema, isingesubiri.

Sasa Mihambo, mdogo wake, alikuwa dukani akichagua begi la kuwindia. Nyamizi, mjane wa Kasanda, alikuwa amemfuata.

"Hili linabeba paja zima la nyati," muuzaji alisifu.

Nyamizi aliivuta mikanda kwa nguvu. "Na mtu je, linabeba?"

"Shemeji, usinitie mkosi!" Mihambo alicheka.

"Nauliza tu. Migongo yote ilibeba nyama, kaka yako akabaki."

Kicheko kilimwisha Mihambo, lakini begi akalichukua. Jumatatu anaingia porini na wenzake walewale wa Kasanda.