Upande wa Ukutani

Kitanda cha bweni la chuo kilikuwa chembamba, tena cha Tunu peke yake. Alitandika shuka, akauweka mto upande wa mlangoni.

"Dada, kwenu miguu ndiyo inalalia mto?" alicheka Kadzo, mwenzake wa chumbani. "Kichwa kinakaa huku ukutani."

"Ukutani analala mdogo wangu. Nyumbani tunalala mzungu wa nne, yeye kichwa kule, mimi huku."

"Na chuo cha karibu na kwenu kilikuwa na kasoro gani?"

"Hakina kasoro. Hiki nilikichagua mwenyewe."

Kadzo akamsaidia kufunga chandarua.

Tunu alijilaza kulijaribu godoro, miguu ameikunja asimpige mtu teke.

"Nyoosha tu," Kadzo alimwambia. "Kuna nafasi."

Akaanza kuinyoosha polepole, mpaka nyayo zikafika pale ambapo shuka ilikuwa baridi.