Harufu ya Stroberi

Shati la tatu la mumewe nalo lilinuka stroberi.

Alilinusa kwapani, akalinusa kifuani, akalinusa kwenye kola. Kwenye kola ndiko harufu ilikokolea. Jumatatu ilikuwa hivyo, Jumatano hivyo, na leo Ijumaa hivyo hivyo. Wivu ukamshika palepale kando ya beseni, mwanamke wa watu, hata povu likaisha bila yeye kufua kitu.

Kazi yake ilikuwa usimamizi wa usalama katika kiwanda cha magodoro. Wafanyakazi walimwita Mama Moto, maana wimbo wake kila siku ni mmoja: sponji na gundi havitaki utani, cheche moja tu na sote tunaondoka na paa. Adui yake mkubwa siku hizi alikuwa vepu, zile sigara za umeme zenye harufu ya matunda. Watu walijificha nazo chooni na nyuma ya magodoro, wakibanwa wanasema ule ni mvuke tu, hauna moto. Yeye huwauliza kama betri ikilipuka mfukoni itakumbuka kuwa ule ni mvuke tu, na kama mwenzao mwenye pumu alikuja kazini kuvuta wanachokitoa wao.

Kila vepu aliyoinasa aliiandika namba upande wa chini kwa rangi yake nyekundu ya kucha, kisha namba ikaingia daftarini pamoja na jina la mwenyewe. Jioni mwenyewe hurudishiwa, akaiache nyumbani. Akikamatwa mara ya pili, kazi hana.

Mumewe alikuwa dereva wa lori la kiwanda hicho hicho. Asubuhi anapakia ghalani, mchana kutwa anasambaza madukani. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na mashati yake hayajawahi kunuka kitu zaidi ya jasho na dizeli. Leo stroberi, kwa lipi?

Hakumuuliza. Aliogopa jibu. Badala yake akaanza upelelezi. Alimshuku mwenye duka la kona, yule anayecheka hata akipewa risiti. Akamshuku mama mmoja aliyebadilisha godoro mara mbili kwa mwezi, kana kwamba hilo godoro analila. Siku moja akapanda lori kwa kisingizio cha kukagua mtungi wa kuzimia moto, akazunguka na mumewe maduka tisa. Alirudi na maumivu ya kiuno tu.

Mwisho akamweleza karani wa ghala, yule anayeandika hati za kupakia mizigo. Hao wawili walikuwa na siri yao. Miezi mitatu nyuma Mama Moto alimkuta nyuma ya rafu na vepu mkononi. Karani alilia kwamba ana mtoto na hana mume wa kumsaidia, jina lake likiandikwa tena unga wake umemwagika. Mama Moto akalegea. Vepu akaipa namba, kumi na moja, lakini daftarini mstari huo akauacha wazi. Tangu siku hiyo karani humwita dada, na chai ya saa nne humwekea yeye kwanza.

Karani alimsikiliza hadi mwisho, akikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

"Dada, mbona unajiua bure?" akasema. "Hiyo si ya mwanamke. Hiyo ni vepu. Zipo za stroberi."

Mama Moto alijicheka. Pua inayowinda moshi kiwanda kizima, wivu umeiziba kama mafua. Humo ghalani, kweli, gundi inaua kila harufu, huwezi kujua jirani yako kajipaka nini. Lakini nyumbani je?

Kesho yake, Jumamosi, mumewe alirudi saa saba mchana, akaketi jikoni bila kuvua viatu. Mkewe hajafungua hata mdomo, yeye akatoa kitu mfukoni, akakiweka mezani.

"Mke wangu, nimekuwa navuta hii. Ndani ya lori," akasema. "Niliogopa utaniandika. Nisamehe."

Mke mwingine angewaka. Huyu alilia kwa raha. Ndoa yake ilikuwa nzima, na vepu ilikuwa pale mezani, nyembamba, ikinuka stroberi kama mashati yale. Akamkumbatia, kisha akamkalisha, akampa somo lote bila kuruka: mapafu, betri, magodoro sitini nyuma ya mgongo wake, na usukani ulioshikwa kwa mkono mmoja. Alisema na kusema, huku akimpakulia nyama zote, yeye akibaki na mchuzi. Mume alikula ameinamia sahani.

Aliposhiba, mkewe akaleta daftari na kichupa cha rangi ya kucha. Kazi ni kazi, akamwambia, na kosa la kwanza ni onyo tu, asije mtu akasema mume wa Mama Moto ana sheria yake. Atakuwa namba kumi na tisa. Mume akajaribu kusema kwamba haina haja, akaitupe tu, lakini mkewe alikwisha kuichukua, anacheka, miezi mingi hajacheka hivyo.

Akatikisa kichupa, akafungua, akaigeuza vepu apate pa kuandika.

Palikwisha kuandikwa. Rangi nyekundu, mwandiko wake mwenyewe: kumi na moja.