Asiyeamini Haonywi

Kila Januari watu wazima huandikishwa kijijini: nani anaamini binadamu ndio walioharibu hali ya hewa, nani haamini. Asiyeamini hatumiwi onyo la mafuriko, na ni kosa kumwonya, hata kama mnalala kitanda kimoja.

Asubuhi hiyo simu ya Sikudhani ilipiga king'ora. Ya mumewe Chiduo, asiyeamini mwaka wa tisa huu, ilikaa kimya. Sikudhani akaanza kupandisha unga, godoro na vyeti vya watoto darini.

“Kuna nini, Mama Semeni?”

“Nasafisha tu.”

Chiduo alimtazama akipanda na kushuka. Mwishowe akavua viatu, akampa.

“Hivi navyo vina vumbi.”

“Ngazi niitoe, Baba Semeni?”

Nje jua lilikuwa linawaka.

“Iache hapohapo,” alisema kwa sauti ya chini.