Mbweha Anavyokufa kwenye Mashine Mbili

Kwenye mashine nyeusi mbweha alikufa amefumba macho. Kwenye ya kijivu alikufa ameyatumbua, kama mtu aliyekumbuka ghafla kwamba ameacha maharage jikoni.

Anande alimuua tena huku na huku ili kuhakikisha, akaweka padi ya gemu chini, akaipiga picha televisheni na kumtumia Yiamat.

"Ona macho hayo," akaandika. "Mashine yako imemfumba mbweha wa watu kama maiti ya kanisani. Kubali yaishe."

Jibu likaja chai haijapoa. "Mwanangu, unaangalia macho? Mimi naangalia mbio. Huyo wako akikutana na nyuki watatu tu anatembea kama kabebeshwa mkungu wa ndizi. Kima wewe."

Anande akacheka peke yake sebuleni mpaka kuku waliokuwa mlangoni wakatawanyika.

Walikutana kwenye grupu la wapenda gemu za zamani wa Arusha. Gemu lilikuwa moja, la mbweha mwizi wa asali anayevuka madaraja, ila kila mashine ilitengenezewa toleo lake. Kwenye nyeusi mbweha alikimbia kama ana deni na muziki ulinguruma kama mashine ya kusaga. Kwenye ya kijivu rangi zilikolea, mkia ulipepea, lakini nyuki wakizidi kila kitu kilianza kusuasua. Yiamat, fundi simu wa Themi, alikuwa mtu wa nyeusi. Anande, huko juu Nkoaranga katikati ya migomba na kahawa, alikuwa wa kijivu. Wakabishana mpaka wenzao wakachoka, wakawafukuza wakagombanie pembeni.

Mashine za pale sebuleni zilikuwa za Hans na Derick, vijana waliokulia nyumba hiyo. Enzi hizo nyumba haikuwa na amani: Hans na nyeusi yake, Derick na kijivu yake, kila mmoja akiapa kwamba ya mwenzake ni takataka. Kisha Hans akaenda Dar, Derick akaenda Kanada, ubishi wakauacha nyumbani, na Anande akabaki nao. Hans alipiga simu kila Jumapili kuuliza kama amekula na kama mlango una komeo. Derick alituma picha za theluji. Hakuna aliyewahi kuuliza habari za mbweha.

Watu wa pale mlimani hawakuwa wabaya. Waliopita walisimama, wakauliza hali, wakajibiwa, wakaenda zao. Lakini wote walimsemesha kwa upole, taratibu, kama mtu aliyebeba trei ya mayai kwenye utelezi. Upole ule ulimchosha Anande kuliko kimya. Hakuna aliyembishia. Hakuna aliyemwambia hapo umechemka. Yiamat peke yake ndiye aliyemwita kima, na siku alipomwita hivyo kwa mara ya kwanza, Anande aliusoma ujumbe ule, akaenda kula, akarudi kuusoma tena.

Ndiyo maana hakuwahi kumpa sauti yake. Yiamat alipotaka wapigiane simu, Anande alisema maiki ya simu imekufa. Alipotaka picha, alitumiwa ya paka. Jina hakumdanganya, wala mahali. Aliogopa kitu kimoja tu: Yiamat akishamwona, na yeye ataanza upole.

Basi Alhamisi fundi akaandika kwamba amepata toleo la tatu, la ile mashine nyeupe ambayo wote wawili walikuwa wakiisikia tu. Jumamosi anapanda Nkoaranga nayo begani. "Tumalize ubishi uso kwa uso. Na hiyo maiki yako nakutengenezea bure, usione aibu."

Anande akaandika kwamba asije, njia imeharibika kwa mvua. Akafuta. Akaandika kwamba kuna mgonjwa nyumbani. Akafuta. Mwishowe akamwelekeza: apite kanisa, afuate mfereji, aulizie hapo. Alipomaliza akakaa anaitazama simu kana kwamba imemng'ata.

Jumamosi alifagia sebule, akaunganisha mashine zote mbili, akaweka viti viwili karibu karibu, akavitenganisha, akavirudisha. Akachemsha chai ya watu wawili. Kisha akaanza kufanya mazoezi ya matusi, kwa sauti, mbele ya televisheni. Alitaka neno la kwanza liwe lake na liwe kali, jamaa asipate hata nafasi ya kuwa mpole. Karibu, mwenye kuzika mbweha. Hapana. Karibu, fundi wa vipofu. Hilo lilikaa vizuri.

Simu ikaita mlio mfupi. "Nipo kwenye mfereji. Andaa leso, mwanangu, leo unalia."

Anande akacheka, kisha akasikiliza hatua zikija kwenye majani makavu ya migomba. Hodi ikapigwa. Akavuta pumzi na kufungua mlango, neno lake likiwa tayari ulimini.

Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, begi zito begani, na kejeli aliyokuja nayo kutoka Themi bado ilikuwa imemjaa usoni. Ikafutika. Akavua kofia haraka, akainamisha kichwa ili kiguswe.

"Shikamoo, bibi," akasema, taratibu. "Samahani kwa usumbufu. Namuulizia Anande."

Anande akamgusa utosini, kama mzee anavyompokea kijana.

"Marahaba, baba," akasema. "Anande ametoka."