Bomba Lililogeuzwa

"Bomba la kunyunyizia nililikuta limegeuzwa mdomo chini, mama mwenyekiti," mzee mtunza bustani alisema. "Likigeuzwa, maana yake limeoshwa. Si ndivyo ulivyotuelekeza mwenyewe?"

Ndivyo. Kanuni hiyo mwenyekiti aliiandika kwa mkono wake, akaibandika kwenye mlango wa stoo ya chama cha mtaa.

Nyuma ya mzee, michongoma iliyozunguka nyumba zote kumi ilikuwa imekauka, majani yamegeuka rangi ya tumbaku. Alikuwa ameinyunyizia mbolea ya maji, kumbe ndani ya bomba mlibaki dawa ya kuua magugu.

Mwenyekiti alitazama viganja vyake. Jumamosi aliliazima bomba lile aue magugu mlangoni pake. Wageni walipopiga honi, akaligeuza vivyo hivyo bila kuliosha, akakimbilia kuwapokea.

"Mzee amechoka, apumzishwe tu," jirani mmoja kati ya waliokuja kikaoni alisema. "Wanaokubali wanyooshe mikono."

Mikono minane ikapanda. Roho ilimsuta mwenyekiti. Akainua mkono awanyamazishe, aseme ukweli.

"Na mama mwenyekiti, tisa," katibu akasema, akaandika.

Wote walimtazama, wakisubiri afunge kikao.

Mzee aliinama, akavua mabuti ya mpira ya chama, moja baada ya jingine. Akayakung'uta udongo, akayapanga kwenye nyasi, midomo chini.

Mkono wa mwenyekiti ulikuwa bado juu.